Gari Linalia Chini: Ni Klachi au Ni Gia Boksi?

Kushusha gia boksi ya Hilux yenye difu mbele na nyuma ni kazi ya kutwa kwa mafundi wawili. Propela zinatolewa, stata inafunguliwa, gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu kwa difu za mbele na nyuma, inashuka pamoja na kubwa, na mwenye gari anakaa kwenye benchi anapiga hesabu. Jioni gari linafungwa, linawashwa, na mlio ni uleule. Hapo mwenye gari ameshanunua seti nzima ya klachi, fundi ameshalala mgongo kutwa chini ya gari, na beringi iliyokuwa ikilia bado imo ndani ya gia boksi, haijaguswa. Yanatokea Mtwara mjini, yanatokea Masasi, yanatokea Lindi. Gari limefunguliwa kabla ya kusikilizwa.

Inauma zaidi kwa sababu mlio wa sehemu hiyo unaweza kutambuliwa kwa kiasi kikubwa bila kufungua hata nati moja. Kila beringi kati ya injini na gia boksi ina wakati wake wa kuzunguka na wakati wake wa kupumzika, na pedeli ya klachi ndiyo inayogawa nyakati hizo. Ukijua ipi inazunguka pedeli ikiwa juu na ipi inafanya kazi pedeli ikiwa chini, unajua ipi inalia.

Tufuate mpangilio kutoka mbele kwenda nyuma. Mwishoni mwa krenki, shafti kuu ya injini, imefungwa flaiwili, sahani nzito ya chuma. Juu ya flaiwili imefungwa presha pleti, na katikati yao imebanwa klachi pleti. Klachi pleti ina tundu lenye meno, na humo ndimo inamopita shafti ya mbele ya gia boksi. Pedeli ikiwa juu, vyote hivi vinazunguka pamoja, mwendo mmoja na injini. Ukikanyaga, foki, yule mkono wa chuma unaotii pedeli, inasukuma rilizi beringi, rilizi beringi inakandamiza vidole vya presha pleti, presha pleti inaachia, na klachi pleti inabaki huru. Injini inaendelea na mizunguko yake. Shafti ya gia boksi inapoteza mwendo na baada ya muda mfupi inasimama.

Beringi ya kwanza basi ni hiyo rilizi, ambayo kazi yake nzito inaanza mguu unapokanyaga. Ya pili ni pailoti beringi, ndogo kiasi kwamba wengi hawaijui mpaka siku flaiwili ikiwa wazi: inakaa katikati ya flaiwili au kwenye tundu la mwisho wa krenki, na inashika ncha ya shafti ya gia boksi. Magari mengi madogo yanayovutwa na tairi za mbele hayana hii. Ya tatu ni beringi ya mbele ya gia boksi, inayobeba ile shafti ya mbele. Halafu kuna beringi za shafti ya chini, ambayo imekaa ndani ya oili na inazungushwa na shafti ya mbele muda wote, gia iwe imeingia au haijaingia. Hili la mwisho watu hulisahau. Gari limesimama, lipo frii, hakuna tairi inayozunguka, lakini ndani ya gia boksi shafti mbili zinazunguka kwa kasi.

Anza injini ikiwa imezimwa. Kanyaga pedeli na uiachie mara kadhaa, gari likiwa kimya. Ukisikia kwii, kwii, hiyo si beringi, kwa sababu hakuna beringi inayozunguka. Ni bushi za pedeli zilizokauka, au mahali foki inapoegemea pamekosa grisi. Mtu mwingine akikukanyagia, wewe ukaweka sikio karibu na pedeli kwanza, kisha karibu na gia boksi, utajua ni juu au chini. Likiwa la juu, linamalizwa kwa grisi na dakika chache.

Sasa vuta breki ya mkono, weka jiwe kwenye tairi, gari liwe frii, washa injini, na uweke mguu mbali kabisa na pedeli. Sikiliza. Halafu kanyaga mpaka chini na usubiri. Kuna mambo matatu yanayoweza kutokea: mlio uliokuwepo unakufa, mlio ambao haukuwepo unazaliwa, au hakuna kinachobadilika. Karibu kila kitu kinachofuata kinatoka kwenye majibu hayo.

Mlio ukifa unapokanyaga, tatizo linaelekea gia boksi, kwa sababu kilichosimama ni shafti za gia boksi. Lakini sikiliza unavyokufa na ulikuwa wa namna gani. Beringi mbovu hutoa uvumo, nguuu, unaopanda injini inapopanda na kushuka inaposhuka. Ukikanyaga klachi uvumo huo haukatiki kwa ghafla. Unashuka, unashuka, kisha unanyamaza, kwa sababu shafti inapoteza mwendo taratibu. Mchakacho ni kitu kingine. Huo unasikika kwaru-kwaru injini ikiwa sailensi, yaani inawaka bila kukanyagiwa moto, hasa dizeli, na ukiongeza moto kidogo, mizunguko ikafika 1,000 au 1,200 kwa dakika, unapotea wenyewe. Hizo ni gia zisizobeba mzigo zinazogongana meno kwa sababu injini ya dizeli inasukuma kwa mikupuo sailensi ikiwa chini. Springi za klachi pleti zimewekwa pale kuupunguza mkupuo huo, kwa hiyo zikichoka mchakacho unaongezeka. Sailensi iliyoshushwa kupita kiasi huuleta pia, na oili nyepesi vilevile. Mchakacho wa namna hii unaweza kuishi na gari miaka. Uvumo hausubiri.

Dereva mmoja wa Canter aliingia gereji akitokea Tandahimba, magunia ya korosho bado yamo nyuma, na boksi jipya la seti ya klachi liko kwenye kiti cha abiria.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Inasemaje?"

"Klachi imekufa. Njia nzima inalia nguuu. Bosi ameshanunua seti."

"Ukikanyaga inalia?"

"Ukikanyaga inanyamaza."

"Basi hiyo seti iache kwenye boksi lake kwanza, kijana wangu."

Aliyemjibu ni fundi mzee, na hakugusa klachi. Alifungua kwanza plagi ya kujazia oili, iliyo ubavuni mwa gia boksi. Hii ni tabia nzuri ya kuiga: fungua ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, kwa sababu ya kujazia ikigoma na umeshamwaga oili, gari limekwama hapo ulipo. Oili inatakiwa ifike usawa wa ukingo wa chini wa tundu hilo. Kidole chake kiliingia mpaka pingili ya pili bila kugusa kitu. Kisha akafungua ya chini. Kilichotoka kilikuwa kidogo, cheusi, na kwenye sumaku ya plagi palikuwa na vipande. Unga laini wa kijivu, unaopaka kidole bila kuchoma, ni wa kawaida, chuma husuguana. Hivi vilikuwa magamba, vyenye ncha, vinavyong'aa upande mmoja, vya kutosha kuokota kwa kucha. Gamba la namna hiyo linatoka kwenye njia ya beringi iliyoanza kumeguka. Sili ya nyuma, raba inayozuia oili isitoke, ilikuwa inavuja, oili ikapungua bila mtu kuangalia, na beringi ya mbele ikatangulia kuumia. Gari lile lilihitaji beringi na sili. Klachi yake ilikuwa na maisha bado.

Tugeuze upande wa pili. Pedeli ikiwa juu gari ni kimya. Unagusa pedeli, mlio unazaliwa. Ukianza palepale mguu unapoanza kupata uzito, kabla hujafika katikati, na ukizidi kadiri unavyokandamiza, hiyo ni rilizi beringi. Imepewa mzigo na haiwezi kuubeba. Mara nyingi mlio wake ni mkavu na mwembamba mwanzoni, baadaye unakuwa wa kusaga.

Kuna sura nyingine ya rilizi inayopoteza watu. Kwenye magari mengi ya klachi ya mafuta, si ya waya, rilizi beringi hugusa vidole vya presha pleti muda wote, kwa mguso mwepesi. Ikianza kuchakaa, huchechea bila wewe kukanyaga, chwi-chwi-chwi, na ukiweka uzito mdogo tu wa mguu juu ya pedeli inanyamaza. Mtu akisikia imenyamaza anasema ni gia boksi. Tofauti iko kwenye kina cha mguu: huu mchecheo unakufa kwa mguso, wakati klachi bado haijaachia kabisa na shafti ya gia boksi bado inazunguka. Uvumo wa gia boksi hauwezi kufa hapo. Unasubiri mpaka klachi iachie. Kanyaga polepole sana, kwa sentimita, na masikio yako yatagawa wawili hawa vizuri kuliko kifaa chochote.

Pailoti beringi ina hila yake. Pedeli ikiwa juu haisikiki, hata ikiwa imekufa, kwa sababu krenki na shafti ya gia boksi zinakwenda mwendo mmoja na hakuna kinachosuguana. Inafanya kazi pale tu injini inapozunguka na shafti imesimama. Kwa hiyo kanyaga klachi mpaka chini, ingiza namba moja, gari likiwa limesimama, na endelea kushikilia. Shafti sasa imefungwa na tairi. Ikilia au kukoroma hapo, na ilikuwa kimya mwanzoni mwa pedeli, shuku pailoti. Kwa ufupi, rilizi huanza kulia mwanzo wa kukanyaga, pailoti husubiri mwisho.

Na kuna jambo moja la injini linalojificha nyuma ya pedeli. Kukanyaga klachi kunasukuma krenki kwenda mbele, na kuna washa maalumu zinazozuia krenki isiteleze. Zikiisha, utasikia mgongano mzito au injini kubadilika sauti kila unapokanyaga. Mtu akanyage na kuachia injini ikiwa imezimwa, wewe tazama puli ya krenki kule mbele. Mwachano wa kawaida ni sehemu ndogo ya milimita, jicho halitauona. Ukiona puli inatoka na kurudi, acha habari ya klachi. Zungumza na fundi wa injini siku hiyohiyo.

Ikiwa mlio haujali pedeli kabisa, juu ni uleule, chini ni uleule, na gari limesimama, tafuta mbele: altaneta, pampu ya maji, tenshena ya mkanda. Zima, toa mkanda, washa kwa sekunde chache tu, sikiliza. Fundi mwenye bisibisi ndefu anaweza pia kuegemeza ncha kwenye kila kifaa na mpini kwenye mfupa wa sikio, mbali na feni na mikanda. Na chini ya gari usiingie likiwa juu ya jeki peke yake, injini ikiwa inawaka au imezimwa.

Milio ya barabarani nitaipitia kwa haraka, isipokuwa kipimo kimoja kizuri sana. Kwenye gari nyingi zenye propela na gia tano, namba nne ni gia ya moja kwa moja: nguvu inaingia shafti ya mbele na kutokea ya nyuma bila kupitia meno ya shafti ya chini. Shafti ya chini bado inazunguka, lakini mikono mitupu. Basi kama gari linavuma namba mbili, linavuma tatu, ukiingiza nne uvumo unapungua sana, kisha ukiingiza tano unarudi, umeshajua ni shafti ya chini au beringi zake. Barabara ya lami kati ya Mtwara na Mnazi Mmoja ina vipande vinavyokuruhusu kufanya kipimo hiki vizuri. Kwenye gari la kuvutwa na tairi za mbele kipimo hiki hakifanyi kazi, kwa kuwa gia boksi zake hazina njia ya moja kwa moja. Na rivasi isikutishe: kwenye gia boksi nyingi meno yake yamekatwa yakiwa yamenyooka, hivyo hulia tangu gari likiwa jipya.

Uvumo unaofuata mwendo wa gari, si mwendo wa injini, na unaoendelea hata ukikanyaga klachi kwenye tambarare, uko nyuma ya yote haya: beringi ya nyuma ya gia boksi, senta beringi ya propela, difu, au beringi ya tairi. Yumbisha gari kidogo kulia na kushoto mahali penye nafasi. Mlio ukiongezeka gari likielekea kushoto, uzito umeegemea kulia, basi anza na tairi za kulia.

Gia ikisaga wakati wa kuingia, watu husema klachi, na mara nyingine wako sahihi. Kanyaga klachi, hesabu sekunde tano, kisha ingiza rivasi. Shafti ilitakiwa iwe imesimama. Ikisaga hata hivyo, klachi haiachii vizuri. Ukipampu pedeli mara mbili ikaingia laini, kuna hewa kwenye mafuta au masta silinda, pampu ya mafuta inayosukumwa na pedeli, imechoka. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4, ambayo ndiyo yanayotumika kwenye klachi nyingi, hunyonya unyevu hewani, na hewa ya pwani yetu ina unyevu wa kutosha. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili si anasa.

Kwa nini huku kwetu beringi na klachi zinaisha mapema? Mchanga ndio wa kwanza. Gari likizama, dereva anapandisha moto na kuachia klachi nusu, anarudi, anajaribu tena. Klachi pleti inateleza, joto linapanda, na joto hilo ndilo linaloyeyusha grisi iliyofungiwa ndani ya rilizi beringi. Grisi ikitoka hairudi. Kupunguza upepo wa tairi kunamtoa mtu mchangani kwa haraka kuliko klachi nusu, ila akumbuke kujaza akifika lami. Mlima ndio wa pili: wanaopanda Newala wakitokea Masasi na mzigo wanajua jaribu la kulishikilia gari kwa klachi badala ya breki ya mkono. Halafu maji. Nyumba ya klachi ina tundu ambamo foki inatokea, na tundu hilo linafunikwa na raba. Raba ikichanika, gari likivuka maji ya mafuriko, kama yale ya Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya barabara kuu ilipokatika Somanga, tope laini linaingia mpaka kwenye rilizi na kukauka humo. Raba hiyo ni kitu kidogo. Iangalie kila gari linapopanda juu kwa ajili ya oili.

Ila kinachoua rilizi nyingi kuliko vyote ni mguu unaopumzika juu ya pedeli. Safari ya Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Dereva aliyeweka mguu hapo njia nzima ameifanyisha rilizi kazi kwa saa zote hizo, kazi ambayo ilitengenezwa iifanye kwa sekunde chache kila gia inapobadilishwa. Pedeli inatakiwa iwe na plei kidogo, yaani mwendo mtupu, kabla haijashika, kwa Toyota nyingi kati ya milimita 5 na 15. Plei ikiisha, ni sawa na mguu ambao hautoki.

Ikilazimika gia boksi ishuke, basi ishuke mara moja. Kama klachi pleti imekaribia kuisha, badilisha rilizi palepale, na pailoti, na uangalie sili ya nyuma ya krenki, kwa sababu oili ikidondokea klachi pleti mpya gari litatetemeka kila likiondoka. Shika shafti ya mbele ya gia boksi kwa mkono, itikise juu na chini, izungushe polepole ukihisi kama inakwaruza vidoleni. Rilizi ya zamani ishike mkononi, ikandamize kwa kiganja huku ukiizungusha. Bila kukandamizwa hata mbovu inaweza kuzunguka laini. Na usimruhusu mtu aioshe rilizi kwa petroli, hata kwa nia ya usafi. Grisi yake imefungiwa ndani, petroli inaiosha. Meno ya shafti yapakwe grisi kidogo tu, ukipaka nyingi itarushwa kwenye klachi pleti. Oili ya gia boksi irudishwe ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Nyingi zinataka 75W-90 ya GL-4, na si kila GL-5 inapatana na ringi za shaba zilizo ndani.

Mwenye gari huwa na swali moja: naweza kufika nalo? Mlio wa pedeli na foki, fika nao popote. Mchakacho wa sailensi, vivyo hivyo. Rilizi inayolia unaweza kuivumilia kwa siku chache ukiwa mjini, ukitumia klachi kwa uangalifu, ukijua kwamba ikijifunga itakula vidole vya presha pleti na utabaki na gari lisilobadilisha gia. Pailoti iko karibu na hapo. Uvumo wa gia boksi ni habari nyingine. Angalia oili leo, ongeza kama imepungua, na kama plagi imetoka na magamba usilipeleke gari safari. Beringi ikivunjika ndani, gia zinaweza kukwama, tairi za nyuma zikafunga gari likiwa kasi, na kukanyaga klachi hakutasaidia kwa sababu kilichokwama kiko nyuma ya klachi. Kati ya Lindi na Nangurukuru kuna vipande virefu vya pori. Lifunguliwe Mtwara au Lindi, kabla halijaingia huko.